Goliathi na Antimachus: Majitu Mawili ya Msitu wa Kongo

Katika msitu wa mvua uliotanda katika bonde la Kongo hadi kuigusa Uganda ya magharibi huishi wadudu wawili ambao kila mmoja ni jitu katika ukoo wake. Wa kwanza ni mbawakawa Goliathi, ambaye jina lake la kitaalamu ni Goliathus goliatus. Dume wake hufikia urefu wa milimita 110, na huhesabiwa miongoni mwa wadudu wazito kuliko wote duniani. Wa pili ni kipepeo Papilio antimachus, mkubwa kuliko vipepeo wote wa Afrika. Mabawa ya dume yakitandazwa hupima sentimita 18 hadi 23 kutoka ncha hadi ncha, kiasi cha kuufunika mkono wa mtu mzima kuanzia kifundo hadi ncha za vidole na pengine kubakiza.

Ukiwaweka mezani pamoja, huoni la kuwalinganishia. Mmoja ni mzito, amevaa gamba gumu, na akiruka hunguruma. Mwenzake ni mwepesi kama jani kavu na huelea bila sauti. Hata hivyo wana undugu. Wote hupitia mageuzi kamili: yai, kisha buu au kiwavi, kisha pupa, kisha mdudu mwenye mabawa. Kila mmoja ni wa kundi lililofanikiwa mno. Mbawakawa waliokwisha kupewa majina ya kitaalamu wanakaribia spishi 400,000, idadi isiyofikiwa na kundi lingine lolote la wanyama. Vipepeo na nondo kwa pamoja ni kama 160,000, na kati yao vipepeo wenyewe ni 18,000 hivi. Linalohitaji maelezo ni namna msitu mmoja, kwa mvua ileile na miti ileile, ulivyolea ukubwa wa aina mbili zisizofanana hata kidogo. Maelezo hayo yako zaidi katika utoto wa wadudu hawa kuliko katika utu uzima wao, ingawa ni utu uzima unaoonekana na kusifiwa.

Majina ya Kiswahili yenyewe yameona vizuri. Kipepeo ni mwenye kupepea. Mbawakawa ana mbawa, na kawa ni kile kifuniko cha miyaa kinachowekwa juu ya sinia la chakula. Iwe ndiyo asili ya jina au ni sadfa ya sauti, ni vigumu kupata taswira iliyo sahihi zaidi, kwa kuwa jozi ya mbele ya mabawa ya mdudu huyu haipigi hewa tena. Imegeuka kuwa kifuniko cha jozi ya nyuma. Wagiriki waliona jambo hilohilo. Coleoptera, jina la oda ya mbawakawa, maana yake ni mabawa yaliyotiwa alani, na Lepidoptera, oda ya vipepeo na nondo, ni mabawa yenye magamba.

Wadudu hawa wawili waliingia katika vitabu vya Ulaya kwa mlango mmoja. Dru Drury, mfua fedha wa London aliyeishi kuanzia 1725 hadi 1804, alikuwa na mkusanyo mkubwa wa wadudu, na aliwapa manahodha na madaktari wa meli maelekezo ya namna ya kuwakamata na kuwahifadhi. Mwaka 1766 mbawakawa mkubwa aliokotwa akielea, amekwisha kufa, katika mlango wa mto Gabon. Aliletwa Uingereza na daktari wa meli ya kivita, akaingia katika mkusanyo wa William Hunter, mwalimu mashuhuri wa anatomia, ambao sasa uko katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Drury alichapisha mchoro wake mwaka 1770, na mwaka uliofuata mwanasayansi Linnaeus akampa mdudu huyo jina la yule jitu wa Wafilisti aliyeangushwa na Daudi kwa kombeo. Mwaka 1801 mwanasayansi mwingine, Lamarck, alianzisha jenasi ya Goliathus, inayowakusanya mbawakawa hawa hadi leo.

Kipepeo alitoka Sierra Leone. Henry Smeathman alipelekwa huko mwaka 1771 kwa fedha za Drury na wenzake, akiwemo Joseph Banks, na aliishi kwenye visiwa vya Banana kati ya watu waliofanya biashara ya utumwa. Huyu ndiye aliyekuja kuandika habari mashuhuri za mchwa na vichuguu vyao mwaka 1781. Sampuli ya kipepeo aliyoipeleka London ilitangazwa na Drury mwaka 1782 katika juzuu ya tatu ya kitabu chake, kwa jina la Antimachus, lililochukuliwa kutoka hadithi za vita vya Troya kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo. Kwa miongo mingi baadaye sampuli hiyo ilibaki bila ya pili. Inafaa isisahaulike kwamba elimu hii ilisafiri kwa njia zilezile walimopitishwa watu waliofungwa minyororo, na kwamba wenyeji wa misitu hiyo, waliowajua wadudu hawa kizazi hadi kizazi, hawakutajwa popote katika kurasa hizo.

Kila mmoja wa wadudu hawa ana sehemu yake msituni. Vilele vya miti mikubwa hukutana mita 30 hadi 40 juu ya ardhi, na miti michache huchomoza kupita hapo. Huko juu ndiko liliko jua, ndiko maua na majani mateke, ndiko upepo. Chini yake nuru hupungua ghorofa baada ya ghorofa, hata inayofika udongoni ni asilimia chache tu ya ile iliyoangukia vilele. Hewa ya chini imetulia na ina unyevunyevu. Chochote kinachoanguka, jani, tunda, tawi au gogo zima, huanza kuoza siku ileile. Antimachus ni mkazi wa juu. Dume hushuka mara kwa mara hadi ardhini, lakini jike hukaa vileleni kiasi kwamba wakusanyaji wa sampuli wamempata kwa nadra sana. Goliathi huzaliwa chini, udongoni, na hupanda juu akiwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Mtawanyiko wao haulingani. Goliathus goliatus huanzia Nigeria na Kamerun, hupitia Kongo na Uganda, na hufika hadi mabaki ya msitu huo ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Jenasi yake ina spishi nyingine chache. Goliathus regius na Goliathus cacicus ni wa misitu ya Afrika Magharibi, ilhali Goliathus orientalis na Goliathus albosignatus wameuacha msitu wa mvua na kuishi katika nchi kavu zaidi, ikiwemo miombo ya Tanzania. Antimachus mwenyewe hajathubutu hivyo. Yeye huanzia Sierra Leone, huruka kila pengo ambalo msitu umekatika, na huishia katika misitu ya magharibi mwa Uganda. Penye mbuga hayupo. Kipepeo mwingine mkubwa wa Kongo, Papilio zalmoxis mwenye mabawa ya buluu, naye amefungwa na msitu vivyo hivyo.

Kuhusu ukubwa, jambo la kwanza ni kwamba mdudu mwenye mabawa hakui. Mbawakawa mdogo si mtoto wa mbawakawa mkubwa, na kipepeo mdogo hatakuwa mkubwa kesho. Gamba la nje la mdudu ndilo mifupa yake. Haliongezeki, hivyo ili akue hana budi kulivua na kuvaa jingine pana zaidi, na akishapata mabawa havui tena. Kila gramu aliyonayo Goliathi anapojitokeza udongoni, na kila sentimita ya ubawa wa Antimachus, ilitafunwa na buu au kiwavi. Anayetaka kujua kwa nini mmoja ni pande la nyama na mwingine ni upeo wa mabawa hana budi kutazama vinywa viwili vya utotoni vilikuwa vikila nini, na wapi.

Jike wa Goliathi hutaga mayai udongoni, penye mboji na miti iliyooza. Buu anayetoka ni mweupe, mnene, amejikunja kama ndoana, ana kichwa kigumu chenye mataya ya nguvu na miguu sita karibu na kichwa. Hujivua gamba mara mbili tu, kwa hiyo maisha yake ya ubuu yana vipindi vitatu, na kipindi cha tatu ndicho cha kunenepa. Katika miezi isiyozidi mitano hivi huweza kufikia gramu 80 hadi 100. Uzito huo ni karibu wa mayai mawili ya kuku wa kienyeji, katika kiumbe ambacho miezi michache nyuma kilitoka katika yai dogo kupita punje ya haragwe.

Uzito kama huo haupatikani kwa kula mbao zilizooza peke yake. Mti uliooza una nyuzi nyingi na protini kidogo. Mabuu wengi wa ukoo huu wa mbawakawa hutegemea vijidudu vilivyomo tumboni mwao vichachushe nyuzi hizo, nao hukua polepole. Mabuu wa Goliathi wana hitaji jingine. Wafugaji wa wadudu wa Ulaya, Marekani na Japani waligundua kwamba mabuu hawa wanahitaji protini kwa wingi kuliko jamaa zao, na leo huwalisha chembe za chakula cha mbwa, paka au samaki zilizofukiwa katika udongo wa majani. Ugunduzi huo, uliofanywa na watu wa kawaida katika vyumba vya nyumba zao, umesema mengi juu ya maisha ya mdudu huyu kuliko karne mbili za kumchoma sindano na kumpanga sandukuni. Katika giza la udongo, buu huyu ni mtafutaji wa vyakula vinono.

Akishiba, buu hujijengea chumba cha udongo uliokandamizwa ukawa mgumu, na humo hugeuka pupa. Ndani ya chumba hicho mwili wote hufumuliwa na kufumwa upya. Kazi hiyo hula akiba, kama kuni zinavyoliwa na moto chini ya chungu: mbawakawa anayetokea huwa na takriban nusu ya uzito aliokuwa nao buu. Naye hatoki mara moja. Akiwa amekamilika tayari, pembe na mabawa, hubaki amejifungia humo kiangazi chote, hadi mvua zilainishe udongo na kumfungulia njia.

Utoto wa kipepeo hupita mahali penye hatari kuliko hapo. Mkulima yeyote wa Pwani au wa Tanga mwenye mchungwa au mdimu amewahi kuwaona viwavi wa jenasi ya Papilio, kwani Papilio demodocus hutaga juu ya majani machanga ya miti hiyo. Kiwavi mdogo ana rangi ya kahawia na nyeupe kama kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua huwa kijani na kujificha katika rangi ya jani. Akiguswa hutokeza nyuma ya kichwa vipembe viwili laini vyenye harufu kali. Hujivua gamba mara nne, hivyo ana vipindi vitano badala ya vitatu vya mbawakawa, na vyote huvipitia kwa wiki chache. Hajengi chumba. Hujibana kwenye kijiti, hujifunga mshipi wa hariri kiunoni, huvua ngozi yake ya mwisho na kuning'inia hivyo, kichwa juu, kama jani lililojikunja. Ndiyo njia ya jenasi yote, pamoja na jitu lake.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Buu la udongoni limefichika. Linaweza kuwa zito, laini na lisilo na haraka, na chakula chake kinaanguka kutoka juu mwaka mzima. Kiwavi hula mbele ya macho ya ndege na nyigu. Jani bichi ni jingi, lakini si chakula cha bure: mti huulinda ukijani wake kwa sumu, na kila kundi la viwavi limezoea sumu za mimea michache tu. Kiwavi hana nafasi ya kurundika gramu 100. Anachokipata kwa wiki chache hukitumia kutengeneza kitu chenye eneo kubwa na uzito mdogo, yaani mabawa. Antimachus mzima, pamoja na upana wake wote, ana uzito wa gramu chache tu.

Tofauti hiyo ya akiba huonekana wazi wanaporuka. Mbawakawa wengi wakitaka kuruka hufungua kwanza mabawa magumu ya juu na kuyainua pembeni, kisha hukunjua yale laini ya nyuma. Goliathi na kabila lake zima hawafanyi hivyo. Kila bawa gumu lina mkato ubavuni, na bawa la kurukia hupenya hapo kama mkono unaotoka katika mpasuo wa joho, huku kifuniko kikibaki kimefungwa mgongoni. Mwili wake hupasua hewa ukiwa laini na umefunikwa, na mgongo haubaki wazi wakati wa kutua. Akimaliza, bawa hukunjwa mahali palipo na bawaba na kurudishwa chini ya kawa. Anayekiona kitendo hiki kwa karibu haoni ajabu kwamba kundi hili limeishinda dunia kwa idadi ya spishi. Mdudu anayeweza kuruka, kisha akafukua udongo kwa mwili uleule bila kuchana bawa, ana nyumba katika kila tabaka la msitu.

Kuinua mzigo kama huo kunahitaji misuli ya namna yake. Kwa mbawakawa, msuli wa kuruka hausubiri amri ya neva kwa kila pigo. Amri moja huuamsha, nao hujinyumbua wenyewe mara kadhaa kwa sababu kila mvuto wa msuli mmoja huutega mwenzake. Mabawa hupiga makumi ya mara kwa sekunde, na ndiyo asili ya ule mngurumo unaosikika kabla mdudu hajaonekana. Misuli hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi, kwa hiyo mbawakawa wakubwa huipasha moto kwanza, kwa kuichezesha ndani kwa ndani huku mabawa yametulia. Hewa nayo haipiti mapafuni, maana wadudu hawana mapafu. Huingia kwa vitundu vya ubavuni na kusambaa kwa mirija hadi kwenye kila msuli.

Kwa kipepeo kila pigo la bawa lina amri yake ya neva. Mapigo ni machache na mapana, na kati yake Antimachus hutandaza mabawa akaelea. Mabawa ya mbele ni marefu na membamba mno kwa kipepeo wa jenasi yake, hata umbo lake la angani hukumbusha vipepeo wa jamii ya Acraea waliokuzwa mara kadhaa. Joto hulipata juani, huko vileleni. Juu ya utando wa bawa kumepangwa magamba madogo kama vigae vya paa. Hayo ndiyo vumbi linalobaki kidoleni mtu anapomshika kipepeo. Yanambebea rangi ya chungwa iliyokolea, na madoa na kingo nyeusi. Goliathi hana vumbi la kupukutika hivyo. Kidari chake ni cheusi chenye michirizi myeupe, na mabawa yake magumu ni ya hudhurungi inayofanana na mahameli.

Kwa chakula cha utu uzima wote wawili ni wanywaji, lakini vinywa vyao vimetengenezwa tofauti. Goliathi hulamba utomvu unaotoka kwenye majeraha ya miti na maji ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kwa vinywa vyenye nywele kama brashi. Ndizi iliyochacha ikitundikwa msituni huwavuta mbawakawa wa kabila lake. Antimachus ana mrija mrefu unaokunjwa kama uzi wa saa na kunyooshwa ndani ya ua. Madume yake hushuka kwenye mchanga mbichi kando ya mito na kunyonya maji ya matope, na mara nyingi hukutwa wamejipanga hapo pamoja na vipepeo wa aina nyingine. Wanachotafuta ni chumvi. Majani na nekta vina sodiamu kidogo, na imethibitika kwa vipepeo na nondo kadhaa kwamba dume humpa jike sehemu ya sodiamu hiyo wakati wa kujamiiana, nayo huingia katika mayai. Kwa hiyo hata jike asiyeshuka kamwe ardhini huweza kufaidika na matope ya mto.

Namna ya kujilinda ndiyo inayowatenganisha kuliko yote. Ulinzi wa Goliathi unaonekana: gamba gumu, umbo la mviringo lisilo na pa kushikia, na miguu yenye miiba na kucha zinazonasa gome kiasi kwamba kumbandua mtini kunahitaji nguvu. Ulinzi wa Antimachus umo katika damu yake. Mwili wake una glikosidi za moyo, sumu za kundi lilelile ambalo wawindaji wa Afrika wamelitumia kwenye mishale. Wakamba na Waata wa Kenya walizipika kutoka mti wa Acokanthera, na kwingineko zilitoka kwa Strophanthus. Sumu za namna hii huvuruga mapigo ya moyo. Ndege akimwonja kipepeo mwenye sumu hiyo hutapika na hasahau ile rangi. Ndiyo maana Antimachus anaweza kuwa mkubwa, mwenye rangi ya kuonekana mbali, na wa kuelea bila haraka. Kipepeo asiye na sumu akiwa na sifa hizo tatu asingemaliza asubuhi.

Thamani ya sumu huonekana vizuri kwa jamaa yake, Papilio dardanus, anayeishi pia katika msitu wa Arabuko-Sokoke wa pwani ya Kenya, Usambara na hata katika bustani za Nairobi. Dume wake ni wa rangi ya maziwa ya manjano, mwenye mikia, na ni chakula kizuri kwa ndege. Majike wake hawafanani naye, wala hawafanani wao kwa wao. Hawana mikia, na kila aina huiga kipepeo mwingine mwenye sumu, mmoja akimwiga Amauris niavius, mwingine Amauris echeria, mwingine Danaus chrysippus. Wataalamu waliwahesabu kuwa spishi mbalimbali hadi Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoonyesha mwaka 1869 kwamba wote ni majike wa dume mmoja. Nchini Madagaska majike hawaigi mtu, hufanana na dume. Antimachus hakuhitaji kuazima vazi la mtu. Analovaa ni lake na tishio lililomo ni la kweli.

Katika kutafuta mwenzi, wote wawili wana madume makubwa kuliko majike. Kwa mbawakawa wenye pembe hilo ni la kawaida. Kwa vipepeo ni nadra, kwani kwa kawaida jike hulemewa na mayai na huwa mkubwa. Dume wa Goliathi ana pembe kichwani iliyogawanyika kama panda ya manati. Huitumia kumsukuma na kumpindua mwenzake penye utomvu, maana palipo na utomvu majike watakuja. Kichwa cha jike hakina pembe. Kimechongoka kama kabari, cha kufukulia udongo anapokwenda kutaga. Vipepeo hawana silaha. Ushindani wao umo katika kuruka, kuwahi, na pengine katika ile chumvi.

Binadamu amewatumia wadudu hawa kwa njia zinazofuata maumbile yao. Mabuu wakubwa wa mbawakawa ni chakula katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, kama walivyo viwavi ambao Kinshasa huitwa mbinzo. Hao ni viwavi wa nondo. Kipepeo mwenye sumu hana nafasi sokoni penye chakula. Yeye huuzwa kwa uzuri: Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, mafundi hubandika vipande vya mabawa ya vipepeo na kutengeneza picha za kuuzia wageni. Biashara ya wadudu hai nayo imefuata hatua ya pupa. Pupa wa kipepeo aliyening'inia hali, hanywi, hatembei. Akifungwa vizuri katika pamba husafiri kwa ndege na kutoka mabawa ng'ambo. Mradi wa Kipepeo wa Gede, ulioanzishwa mwaka 1993 kando ya Arabuko-Sokoke, umewapatia wakulima wanaopakana na msitu kipato kwa njia hiyo, na Papilio dardanus ni mmoja wa wanaofugwa huko. Pupa wa Goliathi amefungwa katika chumba cha udongo kisichopaswa kuvunjwa, kwa hiyo wanaosafirishwa zaidi ni mabuu na mbawakawa wazima.

Ukataji wa msitu hauwagusi kwa namna moja. Miti mirefu ikiondolewa na vichaka kuachwa, makao ya Antimachus yametoweka hata kama kwa macho ya mpita njia msitu bado upo. Udongo ukibaki na kivuli na magogo, mabuu wa Goliathi huweza kuendelea kwa muda. Magogo yakizolewa kwa kuni na makaa, na udongo ukikaushwa na jua, mambo hugeuka: ni mbawakawa anayekosa pa kulelea. Hesabu ya uharibifu inayotazama miti iliyosimama pekee humpoteza mmoja wao kila mara. Ni kosa linalofanywa mara nyingi mno katika kupima msitu ulio hai.

Baada ya kifo, gamba la mbawakawa hubaki. Mabawa yake magumu huokotwa katika mboji muda mrefu baada ya siafu kumaliza nyama, nayo bado yana michoro yake. Bawa la kipepeo huloa, hupoteza magamba na kuchanika kwa siku chache. Katika makumbusho pia mambo ni hayo: Goliathi aliyekaushwa vizuri hudumu karne kadhaa akiwa karibu na alivyokuwa, kama yule wa mto Gabon, ilhali rangi ya chungwa ya Antimachus hufifia akiachwa katika mwanga. Kwa hiyo sampuli zake huwekwa katika droo zilizofungwa, gizani, na kufunguliwa kwa muda mfupi anapofika wa kuzisoma.